Mwongozo kamili: jinsi ya kuziona diatomu zikitembea kwenye tope la pwani ya Dar es Salaam

Malalamiko ni yale yale kila mara. "Tumechota tope, tumeliweka kwenye hadubini, tumeona mchanga tu." Au: "Tumeziona, lakini zimelala, hazitembei."

Hadubini haina kosa. Shida iko kwenye mambo matatu: saa mliyochota tope, kina mlichofika, na maji mliyoongeza. Anayechota saa ya kupwa mchana, akachukua utando wa juu peke yake, akatumia maji ya bahari ya pale pale, anaziona. Anayezamisha chupa kwenye tope na kuijaza tele anarudi na mchanga.

Diatomu ni mwani wa seli moja wenye ganda la silika, yaani madini yale yale yanayotengeneza kioo. Zile za kwenye tope hazina mkia wala vinyweleo vya kuogelea, na hata hivyo zinatambaa. Hilo ndilo tunaloliendea.

## Vifaa

Andaa vyote kabla hujatoka nyumbani. Maji ya bahari hayamsubiri mtu.

- Hadubini ya kawaida ya shule, yenye lenzi za 4, 10 na 40
- Slaidi za kioo, pamoja na vioo vyembamba vya kufunikia
- Karatasi laini ya kufutia lenzi. Ukiikosa, kipande cha leso nyeupe ya pamba iliyofuliwa bila sabuni
- Kadi ya plastiki iliyokwisha muda, ya kukwangulia
- Sahani bapa mbili au mifuniko mipana ya ndoo, nyeupe ikiwezekana
- Chupa ndogo safi ya kuchotea maji ya bahari
- Bomba la sindano la mililita 5, lisilo na sindano
- Kibano
- Taa ya mezani ya LED
- Simu yenye kamera
- Viatu vya plastiki vinavyofunika vidole (yeboyebo zinatosha), glovu, sabuni na maji ya kunawa

Hakuna rangi wala dawa katika orodha hii. Rangi nyingi za maabara huua seli, na diatomu iliyokufa haitembei. Kwa kazi hii huzihitaji kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi, si kwa nafasi yako

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, maana watu hupanga Jumamosi kwa kuwa Jumamosi hawana kazi.

Nenda siku za bamvua, zile zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Pwani ya Dar es Salaam maji hupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Jambo zuri zaidi ni kwamba katika siku hizo kupwa kwa mchana kwetu huangukia kati ya saa nne na saa sita, jua likiwa juu. Siku za maji mafu kupwa huangukia alfajiri na jioni, na maji hayatoki mbali.

Sababu ni hii. Diatomu za kwenye tope hupanda juu pale mambo mawili yanapokutana: maji yametoka na jua linawaka. Maji yanapokaribia kurudi, huzama tena ndani ya tope. Ukifika maji yameshaanza kurudi, tope litakuwa lile lile, lakini zenyewe zitakuwa zimeshashuka.

Tazama jedwali la maji, kisha fika nusu saa kabla ya kupwa kabisa. Utando mzuri huonekana kuanzia hapo hadi saa moja baadaye.

Epuka siku iliyofuata mvua kubwa. Mvua za masika huchubua uso wa tope na kulipunguzia chumvi.

Onyo: bamvua inayotoka mbali hurudi kwa kasi, nayo huanza kujaza mikondo iliyo nyuma yako. Usiende peke yako, na mwambie mvuvi au mwenyeji wa pale unakoelekea.

## Hatua ya 2: Chagua mahali penye tope tulivu

Unatafuta tope laini au mchanga mwembamba usiopigwa na mawimbi. Kingo za mikoko ya Kunduchi na Mbweni zinafaa sana, na upande wa Kigamboni zipo ghuba tulivu zenye mikoko. Fukwe za mawimbi na mchanga mkavu wa kuchezea mpira hazifai, kwa sababu mchanga unaogeuzwa kila dakika haukai na utando.

Usichukulie mdomo wa Mto Msimbazi. Diatomu zipo hata pale, lakini mto huo hupokea maji machafu ya mji, na kuingiza mikono kwenye tope lake ni hatari kwa afya, hasa kwa watoto na kwa mwenye kidonda.

Usikate wala kung'oa mikoko, na usikanyage miche. Angalia pia chaza wanaoshika kwenye mizizi, maana wanakata mguu vibaya.

## Hatua ya 3: Lisome tope kwa macho

Hatua hii watu huiruka, nami naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Kabla hujagusa kitu, simama, jua likiwa ubavuni mwako, uangalie rangi.

Tope tupu ni la kijivu. Tope lenye diatomu lina utando wa kahawia inayoelekea dhahabu, wakati mwingine kwa mabaka yenye ukubwa wa kiganja. Rangi hiyo ni ya fukozanthini, inayopokea mwanga ndani ya seli pamoja na klorofili. Utando ukiwa mzito, tope hung'aa kidogo kama limepakwa ute, na kwa kweli limepakwa.

Kijani angavu mara nyingi ni Euglena, viumbe vya seli moja vyenye tabia ile ile ya kupanda na kushuka. Kijani cheusi kinachoteleza, chenye nyuzinyuzi, ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea. Yote yanavutia, lakini siyo tunayoyatafuta leo.

Kama huoni kahawia yoyote, usichote kwa kubahatisha. Subiri dakika kumi na tano. Mara nyingi rangi hutokea mbele ya macho yako wakati tope linazidi kupata jua, na ukiishuhudia ikitokea umeshaona mwendo wa diatomu bila hadubini: ni mamilioni yao yakipanda kwa pamoja.

Umefaulu ikiwa ukipitisha kidole kwenye baka la kahawia unaacha mstari wa kijivu. Kahawia iko juu tu. Chini yake hakuna.

## Hatua ya 4: Kwangua milimita moja, basi

Shika kadi ikilalia tope karibu kabisa, uisukume taratibu. Unachotaka ni ule utando na tope kidogo linaloushikilia. Kukwangua eneo la ukubwa wa ukurasa wa daftari kunatosha darasa zima.

Kuna sababu ya kung'ang'ania milimita moja. Mwanga hauingii ndani ya tope zaidi ya milimita chache, kwa hiyo mwani wote unaofanya kazi umejibana hapo juu. Ukichota sentimita tano, umechukua sehemu ndogo ya uhai ukaichanganya na tope jeusi la chini lisilo na oksijeni, lenye harufu ya yai bovu. Harufu hiyo ni salfidi ya hidrojeni, nayo ni sumu kwa seli unazozitafuta. Ukiisikia kwenye sahani yako, mwaga, anza upya.

Weka ulichokwangua kwenye sahani, unene usizidi nusu sentimita. Chota pia maji ya bahari kwenye chupa, kutoka kidimbwi cha karibu.

## Hatua ya 5: Safirisha likiwa na unyevu, bila kuelea

Usijaze maji juu ya tope. Kwa diatomu, kufunikwa na maji na kutikiswa ni dalili ya kuzama. Funika sahani kwa mfuniko ulioachwa wazi kidogo, ifunike na kitambaa chenye unyevu, uishike mapajani ndani ya daladala. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Joto la humo linaua sampuli muda mfupi tu.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote.

## Hatua ya 6: Zitege kwa karatasi

Huu ndio ufundi unaotenganisha diatomu na mchanga. Mchanga hauwezi kupanda. Diatomu zinaweza. Kwa hiyo ziache zijitenge zenyewe.

Sawazisha tope kwenye sahani, linyunyizie maji ya bahari mpaka ling'ae bila kutuama. Laza juu yake karatasi mbili za lenzi, moja juu ya nyingine, zilowe zote. Juu ya karatasi panga vioo vya kufunikia vitatu au vinne. Washa taa ya LED kiasi cha sentimita 30 juu ya sahani, kisha ondoka kwa saa moja hadi mbili.

Diatomu zitapenya katikati ya nyuzi za karatasi kuufuata mwanga na kujishika kwenye upande wa chini wa kioo. Karatasi ya chini inazuia chembe za mchanga.

Fanya hivi siku ile ile, karibu na saa za kupwa kwa mchana. Diatomu hizi zina saa yao ya ndani: hata zikiwa mezani Sinza au Mbagala, mbali na bahari, huendelea kupanda na kushuka kwa siku kadhaa zikifuata majira ya pwani zilikotoka. Ukianza kutega saa moja usiku, zimeshashuka na taa haitazishawishi sana.

Umefaulu ikiwa karatasi ya juu imepata madoa ya rangi ya chai.

## Hatua ya 7: Tengeneza slaidi

Weka tone moja la maji ya bahari katikati ya slaidi. Inua kioo kwa kibano, ukilaze juu ya tone, upande uliogusa karatasi ukiangalia chini. Kisha kitu muhimu kuliko unavyodhani: iache slaidi imetulia dakika tano hadi kumi.

Seli ulizozisukasuka zimeachia kioo. Zinahitaji kugusa uso mgumu tena ndipo zianze mwendo. Wengi wanaosema "zimelala" wameangalia sekunde thelathini za kwanza wakakata tamaa.

Usitumie maji ya bomba wala ya chupa ya dukani. Maji yasiyo na chumvi huingia ndani ya seli na kuivuruga, nayo husimama.

## Hatua ya 8: Punguza mwanga wa hadubini

Anza na lenzi ya 4, tafuta, panda kwenye 10, kisha 40. Ganda la diatomu ni angavu. Mwanga mkali unalipita na hulioni. Funga kiwambo, yaani tundu la kupunguza mwanga lililo chini ya meza ya hadubini, mpaka kingo za seli zitokee nyeusi. Picha itakuwa na giza kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Onyo: kama hadubini yako inatumia kioo cha kuakisi, usikielekeze kwenye jua. Jua kupitia lenzi linaharibu jicho moja kwa moja. Tumia mwanga wa dirisha lililo kivulini, au taa.

## Hatua ya 9: Tofautisha kutambaa na kusukumwa

Chini ya hadubini kila kitu kinaweza kuonekana kinatembea. Usishangilie mapema.

Vitu vyote vikielekea upande mmoja kwa kasi moja, hayo ni maji yanatiririka chini ya kioo. Subiri yatulie.

Chembe ndogo zinazotetemeka pale pale bila kwenda popote zinagongwa na molekuli za maji. Hazina uhai wa kuzungumzia.

Kitu kinachopita mbio, kikijizungusha na kugonga vingine, ni kiumbe chenye vinyweleo vya kuogelea. Hao ni wengi kwenye tope, na baadhi yao wanakula diatomu.

Diatomu inateleza kwa kufuata urefu wake. Haipindi mwili, haitetemeki. Inakwenda, inasimama ghafla, inarudi kinyumenyume kwa njia ile ile au iliyopinda kidogo, inasimama, inakwenda tena. Kasi yake kwa kawaida ni kati ya maikromita 1 na 25 kwa sekunde (maikromita elfu moja ni milimita moja). Wakati mwingine utaona chembe ya uchafu imegusa ganda na inaburutwa kwenda nyuma, huku seli ikienda mbele. Ukiiona hiyo, mwite kila aliye karibu aje aangalie, kwa sababu umeiona mashine yenyewe ikifanya kazi.

Maumbo ya kutarajia: Navicula, zilizochongoka ncha zote mbili, Nitzschia, nyembamba na ndefu, Gyrosigma na Pleurosigma, zilizojipinda kama herufi S na kwa maoni yangu nzuri kuliko zote, na ukipata bahati Bacillaria, kundi la seli zilizolala ubavu kwa ubavu zinazotelezana kujinyoosha na kujikunja.

Diatomu za duara hazitatambaa hata ukizisubiri hadi kesho. Nyingi huelea majini, na hazina ufa ninaoueleza hapa chini.

### Zinatembeaje bila miguu?

Ganda la diatomu inayotambaa lina ufa mwembamba wa kufuata urefu. Katika ufa huo seli hutoa ute wenye asili ya sukari, na ute hushika uso ulio chini. Ndani ya seli, sambamba na ufa, zimelala nyuzi za protini iitwayo aktini. Protini nyingine, miosini, hutembea juu ya nyuzi hizo, zikivuta ute kupitia utando wa seli. Ni familia ile ile ya protini zinazokunja misuli yako.

Mfikirie baharia anayesogeza mashua kwa kuvuta kamba ya nanga: kamba imeshika chini haiendi popote, mashua ndiyo inayokwenda. Ute ndio kamba. Ukivutwa nyuma, seli inakwenda mbele, na ute uliotumika unabaki njiani.

Kwa hiyo diatomu haiogelei. Bila kitu cha kushika haiendi kokote, na ndiyo maana tuliiacha slaidi itulie. Ufundi huu una nguvu ya ajabu: diatomu za kwenye barafu ya Bahari ya Aktiki zimeonekana zikitambaa kwenye nyuzi joto −15 za Selsiasi.

## Hatua ya 10: Pima kasi

Angalia namba kwenye kishikio cha lenzi ya jicho. Nyingi zimeandikwa 18. Igawanye kwa lenzi ya chini: 18 kwa 40 ni milimita 0.45, yaani duara unaloliona lina upana wa maikromita 450.

Weka kamera ya simu kwenye lenzi ya jicho, rekodi dakika moja. Tafuta seli moja, angalia imepita sehemu gani ya duara kwa sekunde ngapi. Ikipita robo ya duara kwa sekunde 12, imekwenda kama maikromita 112, sawa na maikromita 9 hivi kwa sekunde. Pima seli kumi, hesabu wastani. Usichague zile za mbio tu.

Slaidi ikikaa muda mrefu maji hukauka na chumvi inazidi. Ongeza tone dogo pembeni ya kioo kila baada ya dakika ishirini.

## Hatua ya 11: Jaribio la kivuli

Sawazisha tope bichi kwenye sahani ya pili. Kata tundu lenye umbo lolote kwenye kipande cha boksi jeusi, kifunike juu ya sahani bila kugusa tope, weka chini ya taa saa za kupwa. Baada ya saa mbili inua.

Umefaulu ikiwa umbo la tundu limejichora kwa kahawia juu ya tope la kijivu.

Taa isiwe kali kupita kiasi. Mwanga mwingi mno huziumiza, nazo hushuka kujikinga, kama zinavyofanya pwani jua la saa saba likizidi.

## Mwendo huu una faida gani pwani?

Tope halitulii. Kila maji yanapojaa, chembe mpya hutua juu ya zile za jana, na kaa na minyoo wanaligeuza usiku na mchana. Mwani usioweza kupanda hufukiwa gizani, na bila mwanga hakuna usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga. Usioweza kushuka hubebwa na maji au huunguzwa na jua. Kutambaa huko kwa maikromita chache kwa sekunde ndiko kunakouwezesha uwanda wa tope usio na jani hata moja kuzalisha chakula.

Walaji wako wazi ukiinua macho. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa huchota tope, huchuja kilicho hai, na kuacha vidonge vya tope nje ya mashimo yao. Tondo wachanga hukwangua. Mkizi huingia na maji yanapojaa na kulamba utando huo huo, na wafugaji wa mwatiko hukuza mwani wa chini ya bwawa kwa makusudi ili samaki wale. Ndege wa pwani wanaotoka kaskazini hula minyoo na kaa walioshiba diatomu. Ukijumlisha aina zote, pamoja na zile nyingi zinazoelea baharini, diatomu hufanya takriban moja ya tano ya usanisinuru wote wa dunia.

Kisha kuna ule ute. Ukibaki njiani kila seli inapopita, hugundisha chembe za tope na kulifanya ligome kubebwa na maji. Jaribu mwenyewe. Koroga tope moja, ligawe kwenye makopo mawili ya uwazi, lisawazishe. Moja liweke kwenye mwanga wa dirisha, jingine lifunike lisipate mwanga kabisa. Yanyunyizie maji ya bahari yasikauke. Baada ya siku nne au tano, ongeza kwa upole maji ya bahari ya kina cha sentimita tatu, tulia mpaka yawe maangavu, kisha kwa bomba sukuma maji kuelekea tope, kwa nguvu sawa na umbali sawa. Lililokaa gizani hutibuka upesi na maji huchafuka. Lililopata mwanga hushikilia, na likizidiwa hubanduka kwa vipande.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona tope la ukingo wa mikoko likiitwa uchafu na kutupiwa taka za nailoni. Nailoni iliyolala juu ya tope inazuia mwanga, na chini yake utando wa kahawia unatoweka. Umeshaliona jambo hilo kwa macho yako kwenye jaribio la kivuli.

## Ukikwama

Unaona mchanga tu. Ulikwangua kwa kina au umeruka karatasi. Rudi hatua ya 4 na ya 6.

Unaona maganda matupu, angavu, hayana rangi ndani. Hizo zimekufa. Diatomu hai ina kloroplasti, vijisehemu vinavyonasa mwanga ndani ya seli, za rangi ya dhahabu. Kama ni chache, endelea. Kama ni zote, tope lilipata joto njiani.

Zina rangi lakini zimesimama. Ongeza muda wa kutulia. Zikigoma, badilisha maji kwa yale ya chupa ya pwani, na punguza taa. Kama umeme umekatika na chumba kina joto kali, peleka slaidi mahali penye hewa.

Karatasi haipati madoa. Angalia saa ya kupwa. Kama imepita, usitupe tope: liache usiku kucha likiwa na unyevu, utege tena kesho, dakika hamsini baada ya saa ya leo, kwa maana kupwa kunasogea kiasi hicho kila siku.